Koti la Muuguzi na Mtu wa Milimani

Nina cherehani yangu sokoni Mpanda. Mwaka jana muuguzi mmoja kutoka Romania, aliyekuja kujitolea kwenye kituo cha afya, aliniletea koti jeupe nimtarizie jina la ukoo mfukoni: Munteanu. Mfuko ulikuwa mdogo. Nilipomaliza N ya mwisho nafasi ikaisha, nikaiacha U, nikijiambia hakuna atakayeona.

Siku aliyokuja kulichukua nilishindwa kumtazama usoni. Nikamweleza ukweli, nikamwomba aniachie nifumue.

"Usifumue, mama," alisema. "Babu yangu aliandika hivi hivi."

Akavuta stuli, akanieleza kwa Kiswahili chake cha taratibu. Muntean ni mtu wa milimani, neno lenye asili ya Kilatini. Kwao ile "yule" yetu hubandikwa mwishoni mwa neno, inakuwa -ul: munteanul, yule mtu wa milimani. Kwenye majina ya ukoo L ikadondoka, U ikabaki. Lakini Transilvania, kwao babu yake, wengi huandika bila hiyo U. Baba yake ndiye aliyeiongeza baada ya kuhamia mji mwingine.

Mama yangu alikuwa pembeni anachambua mchele. Alikulia kijiji cha Mamba, na alipokuwa msichana mdogo aliimba kwaya, misa ikiwa bado kwa Kilatini. Akasema montes analijua, ni milima, ila hiyo Transilvania ndiyo nini? Muuguzi akajibu kuwa trans ni ng'ambo, silva ni msitu: ng'ambo ya msitu.

Mama akaacha kuchambua. "Ng'ambo kwa nani? Wanaokaa huko si wako nyumbani?"

Muuguzi alicheka, akakubali kwamba jina lilitolewa na watu waliosimama upande wa pili. Nikawafikiria wakwe zangu wa Mwese, milimani. Sisi wa mjini husema wako kule juu. Wao sijawahi kuwasikia wakisema hivyo.

Muuguzi alipopata likizo tukapanda naye bodaboda hadi Mwese. Mama mkwe alimwuliza ametoka wapi, naye akajibu kwamba hata yeye ni mtu wa milimani. Basi akaulizwa kwao wanalima nini. Viazi na mahindi, alisema. Wakaenda wawili shambani kutazama mahindi, wakibishana kuhusu nafasi ya kupandia, nami nikabaki jikoni nachochea maharage, nimefurahi kweli.