Kengele Iliyoingia Kwenye Kanda ya Élie

Saa sita kasoro dakika tano mchana, Katembo anazima redio ya mteja, anachukua bisibisi nyembamba na kutega sikio upande wa kanisa kuu. Mezani, katika karakana yake ya Makiso, Kisangani, ipo redio kaseti iliyofunguliwa tumbo. Ndani yake mna kanda moja isiyo na nakala.

Pembeni ameketi Générose, mpiga ngoma wa Tonnerre, bendi ya roki nzito. Mwimbaji alikuwa kaka yake, Élie. Kipande cha bomu kilimuua Juni mwaka jana, katika vita vya siku sita vya majeshi ya Rwanda na Uganda mjini humu.

Katembo, mwenye umri wa miaka 46, ni fundi redio. Kabla ya vita alitengeneza redio kumi kwa siku. Sasa zikifika tatu anashukuru. Tangu 1994 ndiye aliyekuwa akiirekodi Tonnerre, mji wote ukicheza rumba.

“Watu walikuwa wanatuuliza, ‘Alors, dansi iko wapi?’” anasema Générose. “Élie anajibu, ‘Iko kwa jirani.’”

Kanda za kwanza ziliungua pamoja na nyumba ya Générose. Nyimbo zilizobaki ni nne, zilizorekodiwa Mei 2000 umeme ukiwa umekatika. Gitaa lilitumia betri ya gari. Redio kaseti, betri sita za tochi.

“Mapile ilikuwa imekufa. Tukaianika kwenye jua siku mbili, tukafikiri imepona,” anasema Katembo juu ya betri hizo.

Hazikuwa zimepona. Zilizidi kuchoka, na kanda ikarekodi ikizunguka polepole. Leo, kwenye betri mpya, nyimbo zinakimbia na Élie anasikika kama mtoto. Redio moja ya mjini ilirusha wimbo mmoja hivyo hivyo. Mama yake, Marceline, alisikiliza mpaka mwisho.

“Huyu si mutoto wangu,” alisema. Jumamosi hii anarudi kwao Banalia kwa baiskeli, na sauti nyingine ya mwanawe hana.

Mota ina skrubu ya kupunguza mwendo. Kipimo kilipatikana kwa bahati: mwishoni mwa wimbo wa nne, kengele ya kanisa kuu hilo hilo iliingia kwenye kanda. Siku ile Katembo alikasirika.

Kengele ya saa sita inalia. Katembo anabonyeza. Ya kwenye kanda inajibu, nyembamba kama kijiko kwenye glasi.

“Bado, papa Katembo. Iko juu.”

“Polepole, Générose. Hii haiko bomba ya maji.”

Anarudisha kanda mara mbili, kila mara akizungusha skrubu kidogo. Kabla kengele haijanyamaza, sauti mbili zimekuwa moja. Anaiacha beti ya mwisho iendelee. Générose anapiga meza kwa vidole, akiifuata ngoma yake mwenyewe kwenye kanda.

“Jana mikono ilikuwa inakimbia,” anasema. “Leo inatembea.”

Katembo anachora alama kando ya skrubu kwa msumari. Nyimbo tatu za mwanzo hazina kengele, na zilirekodiwa betri zikiwa hazijachoka vile. Zitapimwa kwa mikono ya Générose, na Ijumaa zote nne zitahamishiwa kwenye kanda mpya.

“Mama Marceline atasikia mbele ya kupanda baiskeli,” anasema Katembo. “Akisema haiko yeye, ninafungua tena.”