Ukumu na ile "sijui" ya Bambu

Mpaka sasa kichwa yangu inakataa. Asubuhi simu imelia, ni binti ya Ukumu, analia tu, hasemi kitu. Nikajua. Aka, Ukumu! Hata weye?

Kwa wenye hawamujui: Ukumu ni mutu wa Mahagi, rafiki yangu wa kazi tangu wakati wa Zaire, siye vijana hapa Bunia. Akicheka ndani ya biro yetu ya kazi, wauza ndizi wa barabarani nao wanacheka.

Kazi yetu ilikuwa anketi. Tunapita kwa watu na maswali ya akili, kuona mutu anafikiri namna gani. Swali moja sitalisahau: "Wote wenye kuchimba zahabu Bambu wako na beleshi nyumbani. Mateso anachimba Bambu. Je, Mateso iko na beleshi?"

Mimi nilitumwa ziwani. Wavuvi walinicheka: "Iko nayo! Si umeshasema weye mwenyewe?"

Ukumu alitumwa Bambu kwenyewe. Nyumba kwa nyumba, jibu moja tu: "Sijui."

Shefu wetu akashika karatasi zote mbili, akakasirika. Namna gani watu wa samaki wanajua beleshi, watu wa zahabu hawajui? "Ukumu, ulikaa kunywa pombe, ukajaza majibu weye mwenyewe. Tunaenda Bambu pamoja. Usiponieleza vizuri, nakupeleka kwa watu wa usalama."

Wenye walikuwa wazima ile wakati wanajua hii neno. Kule mutu anaingia na viatu vyake, hatoki tena, na familia wanaogopa hata kuuliza.

Njia yote Ukumu hakucheka. Nilikuwa nimekaa karibu naye ndani ya gari, anageuza karatasi zake, anazirudilia kusoma.

Kufika Bambu, tukakuta mama mumoja anaanika mihogo. Shefu akamuuliza mwenyewe ile swali. Mama akaangalia gari, akaangalia kalamu. "Sijui, baba."

Ukumu akaomba ruhusa. "Mama, mbuzi zote za huku ziko na pembe. Jirani alinunua mbuzi ya huku. Iko na pembe?" Mama akacheka: "Eh, mutoto yangu, itakosaje pembe?"

Ni pale niliona. Nyuma ya nyumba, beleshi na matope mubichi. Na ndani ya migomba, miguu ya kijana mwenye kujificha, amelala chini, hatikisiki.

Nikageuka kwa Ukumu. Na yeye ameona.

Yesu Maria! Ile jina Mateso tulichagua biro, hivi tu, tunakunywa chai. Na Bambu, watu wa jina Mateso wako kila pahali. Kuchimba bila ruhusa ilikuwa kifungo, ao risasi. Halafu siye tunafika na gari na karatasi, tunauliza mama kama Mateso iko na beleshi! Angejibu nini?

"Basi, eleza," shefu akasema.

Ukumu akisema ukweli yote, yeye anapona, kijana anachukuliwa. Asiposema, ni yeye. Roho yangu ilikuwa inapiga kelele: sema, ndugu, sema ujiokoe!

Ukumu akasema: "Shefu, huku watu hawatoi jina ya mutu mbele ya mugeni. Ni heshima. Mbuzi haina jina, ndiyo maana mama anajibu. Tutoe Mateso na beleshi ndani ya swali, tuweke mbuzi. Utaona."

Shefu akamuangalia sana. Niliona atazunguka nyuma ya nyumba. Nilishika mulango ya gari kwa nguvu mpaka vidole vikauma. Mwisho akasema, "Tujaribu."

Tukarudilia nyumba zote. Bambu wakajibu sawasawa na watu wa ziwa. Anketi ikapona, na siye tukapona.

Kurudi, Ukumu akaomba gari isimame, akatapika pembeni ya njia. Nikamuuliza pole pole: juu ya nini ulijiweka ndani ya hatari hivi? Akapanguza kinywa. "Kaka, kama ningesema, ningelala namna gani?"

Hatukuongea tena hii maneno. Mpaka leo, gari ikisimama kwa mulango yangu bila kuzima injini, naacha chakula, nasikiliza mpaka iondoke.

Na leo watu wanapiga simu tangu asubuhi, wanauliza: ni kweli Ukumu amekufa? Watu wote wanakufa, najua. Ukumu ni mutu, najua. Lakini nawajibu kama ule mama: sijui.

Usingizi yako uliilipa zamani, ndugu yangu. Lala, hakuna mutu atakuuliza tena.