Samli ya Mzazi

Mimi ni mtu wa milimani. Nimezaliwa Karatu ya juu, kwenye ukungu na shayiri, na maji mengi niliyoyaona utotoni yalikuwa ya kwenye ndoo. Msiniulize basi nilifikaje kusimama peke yangu kwenye mtumbwi, ndani ya ziwa Eyasi, nikilitukana tanga la magunia. Au niulizeni tu, nitawaambia: ni uchungu wa mtoto.

Miaka ya sabini ilikuwa inaishia na mvua zilikuwa zimepita kiasi. Tulishahamia bondeni Mang'ola kutafuta shamba. Mume wangu, mkulima tangu azaliwe, alipoona ziwa limejaa na kambale wamekuja, akanunua mtumbwi wa mbao. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Lakini nilipanda naye mara kadhaa kutega nyavu, nikajifunza kusukuma kwa upondo na kuliacha tanga lishike upepo.

Binti yetu wa kwanza alikuwa ameolewa kijiji cha mbele, kando ya ziwa hilohilo. Akajifungua. Kwetu siku hizo mzazi alikaa ndani na kichanga chake, jirani havuki kizingiti, na kwa uzazi wa kwanza anayeingia kumlisha ni mama yake. Kabla sijaenda kwake, mvua za milimani zikafurisha mito, barabara ikakatika. Mkwe akatuma mtu, akavushwa korongo kwa kamba, nusura aende na maji, na nyuma yake mto ukazidi kupanda.

"Mzazi hali chakula," akasema yule mjumbe. "Amegeukia ukuta. Maziwa hayatoki, mtoto analia tu."

Mume wangu alikuwa kitandani, malaria inamtikisa. "Subiri maji yapungue," akaniambia.

"Subiri wewe. Wewe hukumzaa."

Mtumbwi ulikuwa umekaa juani tangu augue, mbao zimeachana. Nikafanya nilichokijua: nikakanda samadi ya ng'ombe na majivu, nikaziba nyufa zote kama ninavyokandika kihenge cha nafaka. Kihenge changu hakijawahi kuvujisha hata punje! Nikapakia unga wa ulezi na kibuyu cha samli, chakula cha mzazi, nikaondoka asubuhi nikifuata ukingo.

Mwanzo nilijiona bingwa. Upepo ulinisukuma taratibu, ndege heroe wakanipisha, nikawa nafikiria nitakavyompikia mwanangu uji. Kisha miguu ikalowa. Nikatazama chini: lo! Samadi ilikuwa inayeyuka, inaelea kama mboga iliyochacha. Kihenge hakikai majini, mama wee, ungejua lini?

Nikawa nachota maji kwa kata huku nasukuma kwa mkono mmoja. Tanga likapasuka, nikalifunga kwa mkanda wa kiunoni. Nikakwama kwenye tope, nikashuka, nikazama mpaka mapajani, nikausukuma mtumbwi kwa kifua nikilia kwa hasira. Mbele yangu kiboko akatoa pua, akapiga chafya. Nikamwambia, "Pita zako, baba, mimi nina mgonjwa," na kweli akazama.

Unga ulishalowa maji ya chumvi ya ziwa, ukawa uji wa magadi. Kilichobaki ni samli, na maji yalikuwa yanaingia kuliko nilivyoweza kuchota. Nilikishika kile kibuyu kifuani muda mrefu. Samli ile niliikusanya kidogokidogo tangu nisikie binti ana mimba, mimi mwenyewe sikuilamba. Mwishowe nikachana kanga yangu vipande, nikaviloweka kwenye samli, nikavisokomeza kwenye nyufa kimoja kimoja kwa ncha ya kisu. Maji yakapungua. Kibuyu kikabaki kitupu.

Nilifika jua limeanza kulala. Mkwe wangu aliniona ninavyopanda kutoka ziwani, tope mpaka kiunoni, akainamisha macho kwa heshima na kunipisha njia. Aibu ilinijaa. Mama gani anaingia kwa mzazi mikono mitupu?

Ndani kulikuwa na giza na harufu ya kichanga. Binti alikuwa amelala, uso ukutani, mtoto kando yake akilia kwa sauti ndogo.

"Mwanangu, ni mimi," nikasema. "Sikuleta kitu. Samli yako nimezibia mtumbwi."

Akageuka polepole. Akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni. Jinsi alivyokuwa amekonda, moyo wangu ulipasuka.

"Umekuja peke yako? Kwa maji? Mama, wewe unaogopa hata mto!"

"Naogopa mpaka sasa."

Akakaa. "Umekula lakini?"

"Tangu jana jioni, hapana."

"Basi pika, mama. Utaanguka."

Nikasonga ugali wa unga wao, na mboga ya majani niliyoikuta jikoni. Nikauweka katikati yetu, sahani moja. Alimega kidogo, akatafuna kama anayejaribu meno mapya, akamega tena. Mimi nilisahau kula, nikabaki nimeshika tonge langu, namtazama. Alipomaliza upande wake, akanyoosha mkono, akalichukua na lile la mkononi mwangu, akalila.