Ndege Niliyemzulia Jina

Kwa miaka kumi na mmoja nimefundisha vijana kazi ya kuongoza wageni msituni, na kabla ya hapo niliifanya kazi yenyewe kwa thelathini, bila cheti. Shule niliishia darasa la nne. Yaliyobaki niliyasoma kwenye magazeti yaliyofungiwa sabuni dukani, ndiyo maana hadi leo najua mwanzo wa habari nyingi na mwisho wa chache.

Chuo chetu kina vyumba viwili. Kimoja kina madawati, feni isiyozunguka na bango la wanyama lililopauka mpaka chui akafanana na paka wa jirani. Cha pili ni stoo ya mabuti na darubini. Humo ndimo ninamokaa nikilalamika, na kulalamika nakuweza. Vijana wa siku hizi hawatambui unyayo mpaka simu iwaambie. Zamani mtu aliingia msituni na masikio yake tu, akatoka na habari za siku nzima. Wenyewe hunisikiliza kwa adabu, kisha huuliza wapi pa kuchajia.

Msichana mmoja tu ndiye aliyenisikiliza kweli. Tulimwita Daftari, kwa sababu kila nilichosema alikiandika, nadhani hata nilipopiga chafya. Mama yake ni fundi cherehani, alimshonea suruali ya kaki yenye mifuko tisa. Hifadhi moja ya msitu ilikuwa imekwisha kumwahidi kazi, aanze Jumatatu, mradi afike na leseni. Mtihani wa vitendo ulikuwa Ijumaa. Akianguka, nafasi ingepewa mwingine, naye angesubiri mwaka mzima.

Ijumaa akaja mtahini, kijana wa idara inayotoa leseni, mwenye buti safi mno. Sheria inamruhusu mwalimu kufuata kwa nyuma, asitamke neno. Mke wangu alipoisikia sheria hiyo aliuliza kama inaweza kutumika nyumbani.

Daftari alianza vizuri. Wenzake walijifanya wageni, naye akawaonyesha kinyesi cha paa, akasema ni cha asubuhi ile ile. Akawavusha msafara wa siafu bila mtu kuruka-ruka. Kisha kindege cha kahawia kikatua kwenye tawi, kikatutumua manyoya, kikatupa mgongo.

"Huyo nani?" mtahini akauliza.

"Mkwekanuna."

Kalamu ikasimama. "Nani?"

"Mkwekanuna. Jina la wazee hilo. Akimwona mtu hujitutumua na kumpa kisogo, kama mkwe aliyeudhiwa."

"Dada, kwenye orodha yangu hayumo."

"Basi orodha yako ina mapungufu, kaka."

Wenzake wakaangua kicheko. Mimi nilitazama viatu vyangu.

"Jina hilo umelipata wapi?"

"Kwa Babu huyo hapo nyuma. Naye aliachiwa na babu yake."

"Sikiliza. Swali la ndege ni la lazima, ukilikosa umeanguka. Nakupa nafasi ubadilishe jibu."

"Sibadilishi. Nikimgeuka mwalimu wangu kwa kuogopa kukosa leseni, mgeni ataniamini vipi?"

Sasa niseme ukweli. Jina lile nililizua mimi. Nilikuwa kijana, mgeni mmoja akaniuliza kindege yule anaitwaje, nami sikujua. Nyumbani baba mkwe alikuwa siku ya tatu amenuna, kwa sababu nilimsahau stendi na mizigo yake. Kinywa kikajisemea chenyewe: mkwekanuna. Mgeni akafurahi. Kesho yake nikalirudia kwa wengine, na baada ya miaka kumi hata mimi nililiamini.

La kweli alilijua mjomba wangu, mrina asali. Alinijia mara nyingi asubuhi, "Mpwa, twende," nami nikajibu kwamba nasoma gazeti. Nilimwona mshamba. Akafa na majina yake yote. Kwa hiyo ninapowalilia vijana kwamba ya zamani yamepotea, mmoja wa walioyapoteza ni mimi, tena nikaziba pengo kwa uongo.

"Jina hilo si la wazee," nikasema.

"Mzee, huruhusiwi kuongea."

"Ndiyo maana naongea haraka. Nililizua mwenyewe."

Daftari akageuka. "Babu, unasema hivyo ili uniokoe?"

"Nasema kwa sababu ni kweli."

"Na babu yako je?"

"Alikuwa fundi viatu. Hakumjua ndege yeyote zaidi ya kuku."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mtahini akafungua ukurasa mpya. "Mengine uliyoyazua ni mangapi?"

"Sita. Labda saba. Moja sikumbuki kama nililizua au nililisikia."

Akaandika, akaandika tena. Kisha akamwambia Daftari, "Kosa la mwalimu siliandiki kwako. Nitakuuliza ndege mwingine."

Tukasonga mbele kidogo. Kichakani akaimba mmoja ambaye hatukumwona. Daftari akainamisha kichwa. "Kurumbiza."

"Na huyo pia umefundishwa na Babu?"

"Hapana, na mama yangu. Huimba dirishani kwetu yeye akishona."

"Sahihi," mtahini akasema, akapiga mstari.

Leseni akapata. Njiani kurudi alitembea mbele peke yake, nami sikuthubutu kumwita. Getini akaningoja.

"Babu, yule ndege hasa anaitwaje?"

"Sijui," nikasema. Nilishangaa jinsi neno lenyewe lilivyo fupi, na miaka yote ile nilivyolizunguka.

Idara imeniondoa kwenye somo la majina. Sasa nafundisha kutembea, yaani jinsi ya kuweka mguu chini bila kuvunja kijiti. Hapo angalau siwezi kuzua kitu.

Wiki iliyopita Daftari alinipigia simu. Huko hifadhini kuna bibi anayemwagilia miche, anawajua ndege wote kwa majina, na yule wetu anamjua pia.

"Nitajie basi," nikamwambia.

"Amekataa. Anasema jina halitumwi kwa simu, mwenye shida aje mwenyewe asubuhi."

Nina miaka sabini na moja na goti moja zima. Nimekwisha ulizia basi. Daftari ameniagiza jambo moja tu: bibi akianza kusema, nisimkatize.