Trakta Isiyonyanyua Jembe

Ukitaka kumwona Mama Euphrasie akibadilika sura, mtajie trakta ya Okito. Mimi nimewahi kufanya hivyo makusudi, na ningefanya tena, maana mtu aliyeutia wivu mtaa mzima hapa Alunguli anapaswa naye auonje kidogo.

Mimi ni jirani yake, mama Divine. Nakaanga mikate kivukoni, pale mitumbwi inapopakia watu wa kwenda ng'ambo, katikati ya mji wa Kindu. Anayevuka ananunua kwangu au ananipita akijifanya hanioni, kwa hiyo najua nani ameenda wapi, amevaa nini, na amerudi na uso gani. Euphrasie ananiita mdomo wa mtaa. Hajakosea, lakini huo mdomo ndio anaoutafuta kila akitaka habari.

Trakta yake ilifika kwa gari-moshi kutoka kusini, ndogo, ya rangi ya chungwa, na plastiki bado iko kwenye kiti. Aliinunua kwa jasho lake la mafuta ya mawese na mpunga. Kwetu mashine mpya lazima inyweshwe: mwenyewe anamwaga bia kidogo kwenye magurudumu, anasema maneno mawili, halafu watu wanakunywa iliyobaki. Tulijua atakayemwaga ni mumewe, Tshimpaka, kwa kuwa ufunguo alipewa yeye mbele yetu. Lakini Euphrasie alishika chupa mwenyewe.

"Wakati ya vita huyu bwana nilimulisha mimi," alisema. "Gari ya reli ilikufa, njo mimi niliingia pori ya Kailo. Leo tena njo mimi nimemununulia trakta. Basi munywe, mufurahi."

Tulipiga makofi. Tshimpaka alitabasamu akiangalia matairi. Mimi nilikunywa bia ile huku najiuliza Mungu alitumia kipimo gani kugawa.

Alichosema kilikuwa kweli, na hapo ndipo ubaya ulipo. Tshimpaka ni mtu wa Kasai. Baba yake aliletwa Kindu na kazi ya reli, naye akaingia reli hiyohiyo. Vita vilipokuja treni ilisimama, na mshahara ukasimama nayo. Wenzetu wa reli walikuwa na desturi yao: kila asubuhi walivaa vizuri wakaenda stesheni, wakakaa pale mabehewa yalipoota majani, wakarudi jioni. Mwaka ukaisha, ukaja mwingine. Waliamini kwamba atakayekosa kuonekana atahesabiwa ameacha kazi, na treni ikirudi nafasi yake atapewa mwingine. Sisi wengine tuliwacheka, hata na njaa zetu.

Wakati huo Euphrasie ndiye aliyekuwa anatembea kwa miguu hadi Kailo kutafuta mihogo. Wenye bunduki wa porini walimuuliza nani wa mjini amemtuma. Akirudi, wenye bunduki wa mjini walimuuliza amemlisha nani porini. Siku moja walimpiga kofi, wakamnyang'anya kitenge kizuri, akafika nyumbani amejifunga gunia. Tshimpaka alikula mihogo ile, kisha akachukua pasi ya makaa akanyoosha shati la kesho.

Euphrasie hajasahau, wala hajaacha mtu mwingine asahau. Harusini atasema, matangani atasema, hata ukimwomba chumvi atakuambia alivyoitafuta wakati wa vita. Zamani zile alikuwa anaionea wivu stesheni yenyewe. "Ile gari njo bibi yake mukubwa," alikuwa akiniambia, "mimi ni wa pili." Tulicheka wote wawili, lakini yeye alikuwa anacheka kwa meno tu.

Sasa turudi kwenye trakta. Kabla ya mvua za mwezi wa tisa Euphrasie alifyeka shamba kubwa kando ya barabara ya Kailo, kubwa kuliko alilowahi kulilima. Sisi wanawake wa mtaa tuna kikundi chetu: leo tunalima kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka mashamba yote yanaisha. Yeye alikuja kwenye mkutano akatuambia mwaka huu hana haja na majembe yetu. Alisema hivyo, mbele ya wanawake waliolima naye tangu wasichana. Tukamwambia heri.

Trakta ililima mistari michache. Halafu ule mkono wa nyuma unaonyanyua jembe ukakataa. Mafuta yalivuja, jembe likabaki limezama ardhini, na mashine ikawa inalikokota kama mbuzi aliyegoma. Tshimpaka akavuka kwenda depo, duka la mashine walikoinunua.

Mwenye depo anakaa Lubumbashi. Hapa Kindu ameacha msichana wa ofisi anayeitwa Falonne, na fundi Ephraïm ambaye hakuna siku utamkuta. Majibu ya depo mtaa wote tuliyakariri. Fundi iko Kailo. Kipuli iko njiani. Fundi wa nje akifungua mashine, garanti inakufa. Euphrasie alipiga simu mwenyewe. Akaambiwa, "Nitakupigia, mama," na simu haikupigwa. Wanasema ahadi ni deni, lakini watu wa depo inaonekana hawakufundishwa hilo.

Basi Tshimpaka akawa anakwenda kila asubuhi. Alipita kwangu, akanunua mikate miwili, akapanda mtumbwi. Jioni akarudi na jibu lilelile.

Na Okito? Okito wa Kailo alinunua trakta ya aina hiyohiyo, kwenye depo hiyohiyo. Yake nayo ilivuja. Lakini mimi, kwa macho yangu, nilimwona Ephraïm akishuka kwenye mtumbwi na sanduku lake la vyuma, akakodi pikipiki, akaelekea Kailo. Muda si mrefu tukasikia Okito analima mashamba ya watu mpaka jioni na taa zimewashwa. Nilimfikishia Euphrasie habari hiyo ikiwa bado ya moto.

"Na yetu?" aliniuliza.

"Yenu iko njiani," nilimwambia.

Aliuma midomo. Nilimwona kabisa jinsi wivu ulivyompanda. Usiku ule, anasema, hakulala. Alikuwa anamsikia Okito akilima kichwani mwake.

Ningeishia hapo, lakini kuna jambo lilikuwa linaniwasha. Siku iliyofuata nilimwambia, "Mama Euphrasie, bwana yako anapiga pasi sana kwa muntu anayeenda kudai kipuli."

Akageuka akaenda zake. Lakini tangu hapo alianza kuangalia. Aliona kola inavyosimama. Aliona ananyoa ndevu, yeye aliyekuwa anasubiri Jumapili. Akasikia, si kwangu peke yangu, kwamba yule Falonne ni binti wa Kasai, anaongea Tshiluba, lugha ya kwao Tshimpaka, na kwamba kicheko chao kinasikika mpaka barabarani. Hilo ndilo lililomchoma. Miaka yote ya ndoa, Tshiluba anachokijua Euphrasie ni majina ya vyakula na matusi mawili. Mumewe nyumbani ni mtu wa "ndiyo" na "hapana" na "asante". Kumbe kicheko anacho, amekiweka ng'ambo ya mto.

"Wivu uko unanikula tumbo," aliniambia waziwazi, amekaa kando ya kibao changu cha kukatia unga. "Nikifunga macho minamuona huyo mutoto na meno yake."

"Umeshamuona meno?"

"Sijamuona. Njo maana iko mengi."

Mvua ya kwanza ikanyesha, ikaja ya pili. Kikundi chetu kilikuwa kinamaliza. Mashamba yetu madogo yalikuwa yameshapandwa, na la kwake kubwa lilikuwa limelala tupu, magugu yameanza kurudi. Mbegu za mpunga zilikuwa ndani ya gunia. Kila mtu alijua mvua hizi zikipita bila kupanda, mwaka mzima umepita, na mpunga ndio unaolisha nyumba yake nzima. Kuja kutuomba hakuweza. Alikuwa ameshatuambia hana haja nasi. Na mimi, semeni mnavyotaka, nilipita karibu na shamba lile taratibu.

Asubuhi moja alikuja kivukoni amefunga kilemba kama anayekwenda vitani. "Twende," aliniambia. Nilimwachia binti yangu karai la mafuta nikaenda. Sikutaka kusimuliwa.

Depo iko ndani ya hanga, ghala la zamani la reli, karibu na stesheni. Tulisimama mlangoni kabla hawajatuona. Tshimpaka alikuwa amekaa kwenye kiti, mguu juu ya mguu, gilasi ya chai mkononi. Wazee wawili wa reli walikaa pembeni yake juu ya masanduku, na Falonne alikuwa nyuma ya meza ameshika mbavu kwa kucheka. Tshimpaka alikuwa anasimulia. Mikono ilikuwa inakwenda, sauti inapanda na kushuka, anaiga filimbi ya treni, anaiga mtu mnene anayeikimbilia. Nimekaa jirani na mtu huyu tangu kabla ya vita na sikujua kwamba ana maneno mengi namna ile.

Euphrasie alimwangalia Falonne. Msichana wa kawaida tu, meno yake ni ya kadiri. Kisha akamwangalia mumewe, na hakumwondolea macho tena.

"Njo hapa kipuli iko inangojwa?" aliuliza.

Kicheko kilikatika. Falonne alisimama kwa heshima. "Karibu, mama. Tukusaidie nini?"

"Mimi njo bibi ya ile trakta ya Alunguli. Nataka kujua fundi atakuja siku gani, kama iko anamutengenezea Okito peke yake."

Falonne alimgeukia Tshimpaka, kisha akamrudia Euphrasie, amechanganyikiwa. "Lakini mama, kipuli ilifika. Zilifika mbili pamoja, yenu na ya papa Okito. Fundi Ephraïm aliuliza tuanze na nani. Papa Shefu alisema yake haina haraka, tuanze na ya Okito. Tangu hapo kila siku minamuuliza, anasema bado tungoje kidogo."

Papa Shefu. Ndiye Tshimpaka huyo, na miaka yake yote ya reli hakuwahi kuwa shefu, yaani mkubwa, hata wa behewa moja.

Wale wazee wawili waligundua ghafla kwamba wana shughuli nje. Mimi sikugundua chochote, nilibaki pale pale.

"Tshimpaka," Euphrasie alisema. "Mpunga yangu inaoza, na weye unasema haina haraka?"

Tshimpaka aliweka gilasi chini. Hakupandisha sauti. "Euphrasie, hapa wananipa kiti."

"Kiti?"

"Wananipa kiti, wananiita shefu, wananiuliza habari ya magari ya zamani. Nikisema kitu wanasikiliza. Kule nyumbani minakula tu. Na kila sahani unayonipa iko na vita ndani."

Nilimsubiri Euphrasie alipuke, maana ulimi anao, mtaa mzima shahidi. Yeye alikaza kilemba chake. Kisha akamuuliza Falonne fundi anaweza kuja lini.

"Kesho, mama."

"Aje kesho."

Tuliporudi mtumbwini alikaa mbele, akawapa mgongo watu wote. Katikati ya mto ndipo aliponigeukia.

"Heri ingekuwa yule mutoto," alisema. "Mwanamuke mwenzangu ningemupiga."



Ephraïm alikuja kweli, akafungua, akabadilisha mpira uliokatika, akafunga. Jembe likanyanyuka. Kazi yenyewe haikufika hata adhuhuri. Tshimpaka alipanda juu akalima shamba lote, na Euphrasie akapanda mpunga nyuma yake, na mvua ikaja juu ya mbegu kama ilivyotakiwa. Sisi wa kikundi tulikwenda kutazama tukiwa tumesimama barabarani. Lilikuwa shamba zuri, na roho iliniuma.

Asubuhi baada ya kumaliza kupanda, nilikuwa uani kwangu nakanda unga. Ua letu ni la miti, linaonyesha kila kitu. Tshimpaka alitoka ameoga, shati limenyooka, akasimama katikati ya uwanja wao. Trakta ilikuwa nzima pale mbele yake. Hakuwa na sababu tena ya kuvuka.

Euphrasie aliingia ndani. Akatoka na kiti chenye mto, kile anachokitoa akija mchungaji, akakiweka kivulini. Akaleta chai, na gilasi badala ya kikombe cha bati.

"Shefu," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "kaa."

Tshimpaka alikitazama kiti. Akakaa, lakini pembeni kabisa, mgongo haukugusa, magoti pamoja. Euphrasie alisimama karibu naye, mikono ameizungushia kitenge, akingoja asimulie kitu. Vita hakuvitaja. Tshimpaka alikunywa chai yote, akaweka gilasi chini taratibu.

"Asante, mama," alisema, macho yakielekea mtoni. "Minaweza kwenda sasa?"