Usipenge Kamasi

Asubuhi ile mimi na dada yangu Akiru tuligombana juu ya chai. Tulikuwa bomani kwetu, nje ya Kakuma, tunakamua mbuzi, naye ananicheka kwamba chai yangu ni maji ya kuoshea vikombe. Nilimwambia, "Nyamaza!" Hilo ndilo neno la mwisho nililomwambia. Bado linanikera.

Risasi za wezi wa mifugo zilianzia kwenye mto mkavu.

Tukakimbia. Akiru akarudi kuwafungulia mbuzi wachanga. Akaanguka mlangoni mwa zizi.

Mimi nilipigwa kitako cha bunduki chini ya jicho la kushoto.

Kwenye gari la kwenda Lodwar nililia, nikapenga kamasi. Wee! Jicho likafura palepale, likafumba. Nikiligusa, ngozi inaalika kama chumvi motoni. Kumbe mfupa unaolishika jicho kwa chini ulikuwa umevunjika, na hewa ya puani imepita humo.

Hospitalini daktari, mama mfupi asiyecheka, aliinua kidole.

"Unaona vingapi?"

"Viwili."

Jicho lilikataa kutazama juu. Alisema msuli wake umebanwa kwenye ufa wa mfupa. Angepasua kwa ndani ya kope, autoe msuli, kisha aweke kibati chembamba cha kulishikilia jicho.

"Na wiki sita usipenge kamasi. Ukipenga, unaweza kupoteza jicho."

"Na kulia?"

"Lia. Pua ifute tu."

"Daktari, nani analia kwa macho peke yake?"

Kesho yake alinipasua.

Nilipotoka nilikaa kwa shangazi yangu, mtaa wa Kanamkemer, palepale Lodwar. Wanawake wakaja kumlilia Akiru. Wao walilia, mimi nikatembea: mlangoni hadi uani, uani hadi mlangoni. Kilio kikinijia, natazama bati la paa, nameza. Niliogopa upofu, sitaficha. Shangazi akashindwa kuvumilia.

"Huyu si dada yako? Mbona hulii?"

"Nikilia nitapofuka, shangazi."

"Basi pofuka!"

Baadaye aliniletea uji, akaketi kando yangu. Uji niliunywa nikiwa nimesimama.

Wiki sita zilipoisha, daktari aliinua kidole tena.

"Vingapi?"

"Kimoja."

"Vizuri. Sasa penga ukitaka."

Nilikwenda kwenye benchi la nje na kitambaa mkononi. Nikamtaja Akiru kwa jina, kwa sauti, watu wakageuka. Nikapenga. Pua kavu. Nikangoja machozi mpaka mlinzi akaniuliza namsubiri nani, na hayakuja. Hayajaja mpaka leo.

Sasa nauza chai Kakuma. Jicho ni zima, mteja akiingia namwona mmoja. Ila kuketi siwezi. Napanga vikombe, napangua, natazama barabara, napanga tena.

Juzi dereva mmoja alionja chai akakunja uso. "Mama, hii ni chai au maji ya vikombe?"

Nikaweka birika chini. "Sema tena," nikamwambia.

Alidhani nimekasirika. "Pole, mama. Nilikuwa natania."

"Nakuomba, sema tena."

Akainamisha kichwa, akanywa, akanyamaza.