Majani Yaliyotajwa kwa Twaiba

Ukimwuliza Mwanarusi kazi yake ni ipi, atakutazama kwanza kana kwamba umemtega. Mchana huwapiga nyungu wageni katika hoteli moja ndogo ya mapumziko kule Galu: huwafunika blanketi, akawawekea chungu cha majani yanayofuka mvuke, wakatoka jasho na kumshukuru. Akirudi kijijini, pakifa mtu wa kike, yeye ndiye muoshaji wetu. Mikono ni ile ile na majani ni yale yale, na hapo ndipo alipoanza kuchanganyikiwa. Najua, kwa kuwa mimi jirani yake ndiye humwagia maji anapoosha, na ni kwangu alikokuwa akija kila asubuhi na maswali kabla sijaonja chai.

Majani yenyewe ni ya mkunazi. Mti uko uani kwake, nyuma ya jiko, ulipandwa na mamake, marehemu Bi Kanze. Sisi maiti wetu huoshwa kwa maji yaliyotiwa majani ya mkunazi, na wazee wetu wa Kidigo waliyatumia pia kuwaogesha wagonjwa, kwa hiyo mti ule ulikuwa wa mtaa mzima. Bi Kanze aliuwekea masharti. Majani hayauzwi. Na huchumi bila kumtaja mtu: unashika tawi, unapiga bismillahi, kisha unauambia mti kwamba haya ni ya fulani. Ukishamtaja, majani ni yake. Hata akipona kabla hujampelekea, unayafukia pale pale chini ya mti, humpi mwingine.

Salwa, msimamizi wa hoteli, ni mwanamke wa Mombasa mwenye maneno laini. Aliposikia habari za mkunazi aliomba majani kwa ajili ya maji ya kuogea wageni. Mwanarusi hakuuza. Alikuwa na mshahara wake, majani aliyatia tu mfukoni akaondoka nayo kama mtu anavyobeba chakula chake cha mchana. Akaniuliza kama huko si kuuza. Nilimwambia sijui, na nilisema kweli.

Shida ya pili ilikuwa ya jina. Mwanarusi alimwuliza Salwa wale wageni wanaumwa nini, akaambiwa hawaumwi, wamechoka tu. Tena walikuwa wakija wapya kila mara, wenye majina yasiyokaa mdomoni. Basi anasimama chini ya mti, mkono umeshika tawi, na hana mtu wa kumtaja. Kuondoka bila kutaja jina hakuweza, kwa kuwa mamake alimlea hivyo. Moyoni mwake aliyekuwa mgonjwa ni mmoja tu, mama yake mdogo Twaiba, aliyemlea tangu Bi Kanze afariki, na ambaye sasa alilala chumba cha ndani miguu imemvimba. Mwanarusi akawa anasema, "Haya ni ya Twaiba," kisha anayapeleka Galu.

Alinihadithia mwenyewe huku akicheka kidogo, kisha kicheko kikamkauka. Alidhani mti utaridhika na dua itamfika mama yake mdogo hata kama majani yanakwenda kwingine. Nilimwambia anaudanganya mti. Akaniuliza kama mti unaweza kudanganywa, nikaghadhibika, maana chai yangu ilikuwa imepoa.

Kule Galu majani yalianikwa, yakachanganywa na lavenda, maua ya Kizungu yanukiayo, na mawaridi makavu, yakatiwa kwenye chupa kubwa ya kioo mlangoni. Mwalimu wa yoga aliwatoa wageni bustanini akawafundisha kuisalimu miti na kuikumbatia, macho wameyafumba. Mwanarusi alisimama na taulo mkononi asijue aangalie wapi. Alipokuwa mdogo alichapwa katika chuo cha Kurani kwa sababu nyanya yake alikuwa akisalimu miti, akaambiwa ni ushirikina. Sasa watu wamevuka bahari kuja kufundishwa kosa la nyanya yake, na kila jioni akirudi anauona mkunazi wa mamake umezidi kukonda.

Alikwenda kwa Ustadh Alamin, imamu wetu. Ustadh alimjibu kwa upole kwamba majani ya mkunazi ni sunna, lakini kuzungumza na mti si dini, nia iwe kwa Mola peke yake, na pakikosekana mkunazi hata sabuni yatosha. Jibu zuri kabisa. Mwanarusi alitoka pale amechanganyikiwa kuliko alivyoingia. Ikiwa sabuni yatosha, mamake alikuwa akilinda nini miaka yote ile? Na ikiwa ni majani tu, mbona yeye anaogopa?

Ndipo Twaiba alipomwita. Nilikuwepo, nikimkanda miguu. Alimwambia aketi, akamshika mkono.

"Mwanangu, nikifa utaniosha wewe. Na uniogeshe kwa mti wa dada yangu. Sabuni ya dukani sitaki."

"Naam, mama. In shaa Allah."

Aliitika bila kusita, kisha akatoka nje kuutazama mti. Ulikuwa msimu wa wageni wengi, na mvua ilikuwa imechelewa. Mwanarusi aliinua kichwa akaona mbingu mahali palipokuwa na majani, pamebaki miba tu. Alikuwa akichuma tawi hili leo na lile kesho, akiapa kwamba hachumi sana. Alikaa chini akalia, nami nilimwacha alie.

Kesho yake alimwambia Salwa hana majani tena. Salwa hakukasirika, alihuzunika kwelikweli, akasema hoteli itapanda mikunazi mingi. Hilo nalo lilimchanganya Mwanarusi, kwa sababu alikuwa amejiandaa kumchukia. Akawa anaumwagilia mti maji ya kisima asubuhi na jioni. Machipukizi yakatokeza, madogo kama punje za mchele, na kila jioni alimpa Twaiba habari zao. Twaiba hakuyangojea. Alifariki baada ya sala ya alfajiri, na ilitakiwa azikwe kabla ya adhuhuri.

Wanaume walikwenda kuchimba kaburi. Mimi niliteka maji. Mwanarusi alikuwa uani ameshika tawi tupu, na nilipomfuata nilimwambia yaliyo wazi: machipukizi hayajazi kiganja, Ustadh ameshatoa ruhusa, tutumie sabuni, marehemu hatatulaumu. Akanigeukia.

"Dada Hafswa, yale ya hotelini, nilipoyachuma nilimtaja nani?"

Alijifunga leso, akapanda bodaboda mpaka Galu, akarudi amekumbatia ile chupa ya kioo.

Tulimwaga vitu vyote mkekani tukaanza kuchambua, mkunazi huku, lavenda na mawaridi kule, na Ustadh anatuma watu kuuliza kama tuko tayari. Majani yaliyopatikana tuliyatwanga, tukayakoroga majini mpaka yakatoa povu. Mwanarusi alianza kuosha, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, kwa adabu yake ile ile. Alipofika miguuni aliacha kuosha.

"Nilikuwa namwombea afya," alisema, "au nilikuwa namchumia ya leo? Niambie, nilikuwa nikifanya nini?"

Nilimimina maji. Sikujua wakati ule na sijui leo. Nilichokiona ni kwamba Twaiba alioshwa kwa mti wa dada yake kama alivyotaka, kwa majani aliyotajiwa yeye, na kama yasingekwenda Galu kuanikwa, siku ile yasingekuwepo.

Lavenda haikutoka yote. Tulipomvika sanda alikuwa akinukia vile wanavyonukia wageni wa hotelini. Wanawake walioingia kumuaga walisifu, mmoja akasema hiyo ni dalili njema, mwingine akauliza ni udi gani tuliotumia.

Baada ya mazishi alichukua majani yaliyobaki akayafukia chini ya mkunazi, kama sharti lilivyo, maana yalikuwa ya Twaiba na hayawezi kupewa mwingine. Akasawazisha udongo kwa mkono, akasimama. Kisha akatazama kushoto na kulia, akaufungulia mti mikono akaukumbatia, shavu gomeni, miba ikimshika buibui, macho ameyafumba kama wale wageni wa Galu. Alikaa vile muda mrefu akilia. Nilikuwa mlangoni kwangu na ungo. Niligeuka upande nikajifanya napepeta mchele, maana sikujua kama ile ni dhambi, au ni dua, au ni mtu tu anayemlilia mamake kwa mara ya pili.